Risasi Ifaayo kwa Swala katika Masafa ya Wastani

Ndabibi, uwanda ulio baina ya Ziwa Naivasha upande wa mashariki, milima ya Eburu upande wa kaskazini na ukingo wa Mau upande wa magharibi, ni mahali ambapo swala tomi huonekana wakila majani ubavuni mwa kondoo wa watu, na pundamilia huuendea ua wa shamba kana kwamba umejengwa kwa ajili ya wao kujikunia. Kwa hivyo si ajabu kwamba wakaao huko, hasa vijana waliokwisha kusikia habari za wasasi wa zamani, huuliza ni risasi gani imfaayo mtu atakaye kumwangusha swala kwa mpigo mmoja katika masafa yasiyokuwa marefu sana wala mafupi sana. Swali hili ni la haki na jawabu lake lipo, walakini halina budi kutanguliwa na neno la sheria, maana mwongozo wa silaha usiotaja sheria ni mtego kwa asomaye.

Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vitokanavyo na wanyama hao; Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikayakariri makatazo hayo na kuyatilia nguvu kwa adhabu kali. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa nusu: tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi 2003 shirika la wanyamapori, KWS, liliwaruhusu baadhi ya wenye mashamba makubwa, wakiwamo wa pande za Nakuru na Naivasha, kuvuna idadi maalumu ya pundamilia na swala, mlango huo nao ukafungwa. Basi ampigaye swala Ndabibi leo, awe ana njaa, awe ameliwa mahindi yake, awe ana bunduki yenye cheti kisichokuwa na dosari, ni mkosaji. Na mnyama mharibifu ni kazi ya askari wa KWS, si ya mwenye shamba.

Nani basi aliyebaki mwenye haja ya kujua? Wapo, tena si haba. Yupo ajiandaaye kuvuka mpaka kwenda Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaendelea chini ya mamlaka ya wanyamapori ya huko, TAWA, na ambako wilaya ya Longido haiko mbali na forodha ya Namanga. Lakini ajue kwamba huko yeye ni mgeni, na mgeni huwinda chini ya kampuni yenye kitalu na mbele ya mwindaji bingwa mwenye leseni. Yupo aendaye Uganda, ambako uwindaji uliofungwa mwaka 1979 ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya hifadhi ya Ziwa Mburo, penye swala pala wengi. Yupo kijana aliyeajiriwa na kampuni ya namna hiyo kuwa mfuata nyayo au mbeba bunduki, ambaye siku moja bwana wake atamwuliza rai yake. Na yupo ndugu yetu aliyehamia Texas au Uskochi, ambako kulungu huwindwa kwa utaratibu uliowekwa, naye hataki kuonekana mjinga mbele ya wenyeji. Hao ndio ninaowaandikia.

Jambo la kwanza la kuchagua si risasi, bali ni masafa. Nisemapo masafa ya wastani muradi wangu ni kuanzia mita 80 hadi mita 200, yaani umbali ambao mtu mwenye darubini ya kawaida juu ya bunduki yake, akiwa ameegemeza silaha juu ya vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja kama wafanyavyo wasasi wa Afrika ya Mashariki, aweza kutia risasi ndani ya duara la upana wa kiganja bila ya kubahatisha. Kupita hapo risasi bado ina nguvu ya kuua, lakini mkono, upepo na kosa la kukisia umbali huanza kushirikiana dhidi ya mpigaji, na mnyama ndiye alipaye gharama ya ushirika huo. Ziko hadithi nyingi za swala waliopigwa mita 400. Wale waliokoswa kwa masafa hayo, au waliokwenda na utumbo wazi, hawasimuliwi na mtu.

Na hapa ndipo Ndabibi, ijapokuwa imefungwa kwa bunduki, inakuwa chuo kisichotoza ada. Nenda barabarani asubuhi bila ya silaha yoyote, mtazame swala aliyesimama karibu na nguzo ya ua, kisia umbali wake kwa sauti ili usijidanganye baadaye, kisha hesabu nguzo zilizopo kati yako naye, au ngoja aondoke ukapime kwa hatua ndefu moja moja. Utagundua mambo ambayo hakuna kitabu kitakachokushawishi kuyaamini kabla hujayaona. Hewa ya huko, iliyo katika kimo cha mita 1,900 na ushei juu ya bahari, ni safi baada ya mvua, na humleta mnyama karibu kuliko alivyo. Vumbi la Januari humsogeza mbali. Swala tomi, kwa udogo wake, huonekana yu mbali ilhali yuko mita 120; pofu, kwa ukubwa wake, huonekana yu karibu ilhali yuko 250. Nyasi tupu zisizokuwa na mti hata mmoja hupunguza umbali machoni, na bonde lililo kati yako na mnyama hufanya vivyo hivyo. Ukiwa mteremkoni mwa Eburu ukatazama chini, kumbuka kwamba risasi huvutwa chini kwa kadiri ya umbali wa mlalo, si wa mteremko, na kwa hivyo apigaye kuelekea chini au juu bila ya kulijua hilo hupiga juu ya mgongo wa mnyama.

Katika chuo hicho hicho jifunze pia mwili wa swala. Mapafu na moyo, ambavyo ndivyo shabaha ya mwindaji mwenye insafu, vimekaa baina ya miguu ya mbele, na katika swala tomi aliyesimama ubavu duara lake halizidi sana sentimita 12. Swala pala ana sentimita 15 hadi 20, na kongoni zaidi. Swala tomi amepewa alama isiyokosewa, nayo ni ule mstari mweusi wa ubavuni: mahali unapoanzia, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, ndipo pa kulenga. Wanyama wengine hawana msaada huo, na kwao panda na mstari wa nyuma wa mguu wa mbele hadi thuluthi moja ya kimo cha kifua, ukome hapo. Mtazame anavyogeuka, kwa kuwa mnyama aliyekaa mshazari huhitaji risasi ipite njia nyingine, na aliyekupa kisogo hahitaji risasi yoyote kutoka kwako.

Sasa tuje kwenye risasi yenyewe. Ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki kitakoni mwake, baruti tumboni, na kichwa kirukacho. Wanunuzi wengi hubishana juu ya jina la ganda, wakalipia fahari yake, kisha wakaokota kichwa chochote muuzaji alichonacho; ilhali ganda hubaki mikononi mwa mpigaji, na kifikacho kwa mnyama ni kichwa peke yake. Ningependa msomaji aondoke na jambo hili hata kama atayasahau mengine yote: baina ya risasi mbili za nguvu zinazokaribiana, tofauti ya vichwa vyake ni kubwa kuliko tofauti ya majina yake.

Kichwa cha kijeshi, kilichovikwa koti gumu tangu ncha, hupenya mwili na kuacha tundu jembamba. Swala aliyepigwa hivyo aweza kwenda mbali akafia mahali ambapo fisi atatangulia kufika. Usikitumie kwa swala, hata ukipewa bure. Kile kiitwacho cha ncha laini, ambacho kiini chake ni madini ya risasi na koti lake ni shaba nyembamba iliyoachwa wazi kwa mbele, kinapogusa mwili huchanua mfano wa uyoga, kikapanua njia yake na kumaliza nguvu zake ndani ya mnyama. Hicho ndicho kilichowatosha wawindaji kwa zaidi ya miaka mia, na kwa swala wa mita 80 hadi 200 kingali kinatosha. Aibu yake ni moja: kikiwa chepesi na kikirushwa kwa mwendo mkali mno, kisha kikagonga mfupa wa bega kwa karibu, huvunjika vipande vipande kabla hakijafika mapafuni. Mmarekani John Nosler, aliyeudhiwa na jambo hili, alianza kuuza mwaka 1948 kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ichanue na nusu ya nyuma iendelee kupenya. Na baadaye wakaja watengenezaji wa vichwa vya shaba tupu, visivyokuwa na madini ya risasi hata chembe, ambavyo hufunguka kwa mbele na kubaki na karibu uzito wao wote.

Vya shaba tupu vina bei kubwa zaidi, na mtu wa kipato cha wastani atasita. Lakini ziko sababu mbili za kuvifikiria. Moja ni kwamba vile vya madini ya risasi huacha vumbi na vijipande vidogo kuzunguka jeraha, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, navyo ni sumu. Mwenye kula nyama hiyo, hasa mtoto na mama mjamzito, hafai kupewa sehemu iliyo karibu na tundu, na mchinjaji mwangalifu hukata na kutupa kadiri ya shubiri moja kila upande. Ya pili ni tumbusi. Matumbo yaachwayo porini huliwa na ndege hao, na vijipande vile huwaua polepole. Mtu wa Ndabibi aliyewahi kuwaona wakizunguka juu ya majabali ya Hell's Gate hahitaji kuelezwa kwamba hawakubaki wengi wa kupoteza.

Baada ya kichwa, kaliba. Wakati wa ukoloni, ardhi ya Ndabibi ilipokuwa ranchi ya ng'ombe ya mlowezi Gilbert Colvile, na kabla ya hapo pia, bunduki nyingi zilipita Bonde la Ufa, na jambo la kuzingatia ni kwamba wale waliokuwa na uwezo wa kununua mzinga hawakumpigia swala mzinga. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, alipofika Naivasha mwaka 1909 alikuwa na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland na Winchester ya .405; kwa wanyama wa uwandani, hata hivyo, alikuwa na Springfield ya jeshi la nchi yake, iliyotengenezewa kitako cha kumfaa. W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja na sehemu nyingine za Afrika, alijulikana kwa kutumia kaliba ndogo ya 7x57, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Asikuhadae mtu kwa habari ya Bell ukadhani risasi ndogo yatosha kwa kila kitu. Bell alilijua fuvu la tembo kama fundi ajuavyo kazi yake, na risasi zake zilikuwa za koti gumu kwa makusudi. Funzo lake kwetu ni jingine, kwamba mahali panapopigwa ni muhimu kuliko unene wa kinachopiga.

Kwa swala tomi, swala granti na swala pala, ambao mkubwa wao hafiki kilo 100, risasi iitwayo .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955, ni chaguo jema kwa mtu mwepesi, kwa mwanamke au kijana mwenye leseni, na kwa yeyote aogopaye teke la bunduki. Kichwa chake cha kawaida kina gireni 100, yaani gramu sita na nusu hivi (maboksi huandika uzito kwa gireni, na gireni kumi na tano na ushei hufanya gramu moja), nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 900 kwa sekunde. Sheria ya Uskochi ya 1985 kuhusu kulungu wakubwa kwa miaka mingi ilitaka kichwa kisichopungua gireni 100 na mwendo usiopungua futi 2,450 kwa sekunde, kumbe .243 ilipita katika mlango huo, lakini ilipita ikiinama. Maana yake ni kwamba inatosha, na haina akiba. Mnyama akizidi kilo 150, kama kongoni dume au kuro, akiba hiyo utaitamani.

Chini ya hapo pasikushughulishe. Risasi ya .22 ni ya sungura na kanga, na .223 ni ya mbweha. Wako wanaojigamba kuangusha swala kwa hizo, nami sina la kuwaambia ila kwamba hawajaeleza ni wangapi waliotoroka.

Katikati ndipo penye utajiri wa kuchagua, na kwa kweli hakuna chaguo baya. Hiyo 7x57, iliyobuniwa na Mauser katika miaka ya 1890, hurusha kichwa cha gireni 140 kwa upole ambao bega huushukuru, na kwa rai yangu hakuna iliyo bora kwa swala wa mita 150. Kasoro yake ni kwamba maduka ya silaha ya Afrika ya Mashariki aghalabu hayanayo. Ya .270 Winchester ya 1925, yenye kichwa cha gireni 130 kiendacho mita 930 kwa sekunde, ina njia iliyonyooka kuliko zote nilizotaja, na humsamehe mtu aliyekosea kukisia umbali kwa mita thelathini. Lakini kwa kichwa chepesi kisichokuwa imara ndiyo hasa ile ivunjikayo begani, basi inunulie kichwa kigumu. Ya .308 Winchester ya 1952 na ya .30-06 ya 1906 ni ndugu wa kaliba moja, mdogo na mkubwa. Hupatikana karibu kila mahali, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye sanduku lake la risasi laweza kupotea katika ndege. Ya kwanza ikiwa na gireni 150 na ya pili ikiwa na 165 au 180, zinamtosha kila swala kuanzia tomi hadi kongoni na nyumbu, na .30-06 yenye kichwa imara cha gireni 180 humfikia pundamilia na hata pofu, ikiwa mpigaji ana subira ya kungoja mnyama ageuze ubavu. Mwenye fedha za bunduki moja tu, na nia ya kuwinda zaidi ya swala, anunue hiyo asijute.

Neno moja kwa ajili ya .303, kwa heshima ya wazee waliokuwa askari wa KAR na kuibeba hadi Burma. Ni risasi ya mwaka 1888, mwendo wake ni mdogo kuliko wa zile nilizotaja, na kwa hivyo huanguka mapema; lakini kwa kichwa laini cha gireni 180 na masafa yasiyozidi mita 150 imewaua swala wengi kuliko itakavyowahi kuua risasi yoyote mpya iuzwayo kwa matangazo. Kwa upande wa Tanganyika, Mjerumani Otto Bock alibuni mwaka 1905 kaliba ya 9.3x62 ili mlowezi mkulima awe na bunduki moja ya bei nafuu kwa swala na kwa nyati. Ni nzito kwa swala, haiharibu nyama kama udhaniavyo kwa kuwa mwendo wake ni wa taratibu, na ukiikuta kwa mwenyeji wako usiikatae. Ya .375 Holland & Holland ya 1912 ni ya wanyama wa hatari, na kwao Tanzania haikubali kaliba ndogo kuliko hiyo; kima cha chini kwa wanyama wengine muulize mwindaji bingwa wako kabla hujalipia tiketi.

Wengi huchagua .375, au moja ya zile ziitwazo magnamu, kwa sababu ya hofu: wanadhani nguvu nyingi zitafidia shabaha mbovu. Haiwi hivyo, nami nitaeleza kwa nini. Teke la .30-06 ni takriban mara mbili ya teke la .243, na la .375 ni takriban mara mbili ya la .30-06. Mtu aliyeumizwa bega na risasi tano za mazoezi hataki kupiga ya sita. Kidole chake hujifunza kuvuta mtambo kwa kushtuka, macho hufumba kabla ya mlio, na kosa hilo likishaingia mwilini hukaa miaka. Ijaribu nafsi yako hivi: mwombe mwenzako akupakilie bunduki uwanjani, mara akitia risasi, mara akiiacha tupu, bila ya wewe kujua. Ukivuta mtambo juu ya chemba tupu na mtutu ukaruka, basi bunduki hiyo imekwisha kukushinda, na huna haja ya ushauri wangu ila kushuka ngazi moja ya kaliba.

Muislamu ana jambo jingine la kuzingatia, kwani hutaka kumdiriki mnyama na uhai bado ungalipo ili amchinje, baada ya kulitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga. Wapo wanaofikiri kwamba kwa ajili hiyo yafaa kutumia risasi dhaifu, mnyama asife upesi. Sikubaliani nao: risasi dhaifu haimcheleweshi mnyama akufie karibu, humfukuza akafie mbali. Iliyo nzuri, ikipita mapafuni, humwangusha swala baada ya hatua chache, na mwenye miguu myepesi na kisu kikali humwahi. Hukumu ya yule aliyekufa kabla hajafikiwa iulizwe kwa wanavyuoni wa mahali ulipo.

Ukishachagua, bunduki sharti isahihishwe, na hili lifanyike katika uwanja wa shabaha wenye idhini, si nyuma ya boma wala kando ya ziwa. Kwa .270, .308 na .30-06 rekebisha darubini hadi risasi ipige sentimita tano hivi juu ya alama katika mita 100. Hapo itakuwa juu ya alama yenyewe karibu na mita 200, na katika masafa yote yaliyo kati haitapanda wala kushuka kiasi cha kutoka nje ya kifua cha swala pala. Huna haja ya kukokotoa chochote, lenga katikati ya mapafu upige. Lakini katika mita 300 itakuwa imeshuka sentimita 20 hadi 25, nayo ni tofauti ya kupiga kifua na kuvunja mguu, na ndiyo sababu niliweka mpaka mahali nilipouweka. Kwa .303 na 7x57 isahihishe iwe juu ya alama katika mita 150, ukomee hapo au mbele kidogo. Kwa swala tomi, ambaye kifua chake ni chembamba, hata sentimita tano si za kupuuza. Akiwa katika mita 100 lenga chini kidogo ya pale ambapo ungelenga.

Wengine huuliza kama bunduki iliyosahihishwa katika kimo cha Nakuru itapiga vivyo hivyo ikishuka nchi za chini, ambako hewa ni nzito. Hitilafu ipo, lakini katika mita 200 haizidi upana wa kidole, na kwa hivyo haikupi udhuru wa kukosa. Mtikisiko wa gari katika barabara ya vumbi huisogeza darubini zaidi ya hapo. Piga risasi moja ya majaribio ufikapo kambini.

Upepo ndio adui halisi wa tambarare, na watu wa uwandani huujua kwa ngozi lakini hawautii katika hesabu. Asubuhi Ndabibi hutulia. Alasiri upepo huvuma hadi nyasi zikalala, na hali hiyo ndiyo utakayoikuta Longido na kwingineko uwandani. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ambao unatikisa matawi madogo tu, ukivuma kutoka ubavuni hukisukuma kichwa cha .308 sentimita mbili katika mita 100, lakini katika mita 200 hukisukuma sentimita nane au kumi. Kwa swala pala hiyo ni kupiga ukingoni mwa mapafu; kwa swala tomi ni kupiga tumbo. Kaliba kubwa haiponyi jambo hili kwa kiasi cha maana. Dawa yake ni kunyatia mita themanini zaidi, au kungoja upepo upungue, au kumwacha mnyama aende zake.

Yaliyosalia ni ya ununuzi na safari. Nunua maboksi yenye nambari moja ya toleo, kwa kadiri ambayo cheti chako kinaruhusu, kwa kuwa risasi za jina moja na uzito mmoja kutoka matoleo mawili huweza kupiga mahali tofauti. Zijaribu aina mbili au tatu kabla ya kununua nyingi, maana kila mtutu una mapenzi yake, na bunduki mbili za kiwanda kimoja hupendelea vichwa tofauti. Unapojaribu, iangalie zaidi ile risasi ya kwanza itokayo katika mtutu wa baridi na mkavu, si ya tatu wala ya tano; rudi siku nyingine ukapige moja tena, uone kama imeangukia pale pale. Usiziache risasi juu ya dashibodi ya gari juani unapoteremka Mai Mahiu, kwa sababu baruti iliyopashwa moto huongeza shinikizo na kuhamisha shabaha.

Bunduki isafiri ndani ya sanduku lenye kufuli na risasi ndani ya sanduku jingine. Hati ya kuitoa silaha Kenya na ile ya kuiingiza kwa muda unakokwenda zitafutwe mapema, tena namba ya bunduki, kaliba na idadi ya risasi ziandikwe sawasawa katika hati zote mbili, kwa kuwa tarakimu moja iliyokosewa yatosha kukulaza Namanga. Porini okota maganda yako matupu uyarudishe pamoja na risasi zilizobaki. Afisa wa forodha akitaka hesabu wakati wa kurudi, utamwekea mezani, ahesabu mwenyewe.